Mtu wa presha aambiwe ameze tembe gani asubuhi ya opresheni

Kwa Mhariri,

Salaam aleikum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee kuhusu watu wa presha na opresheni, manake hili jambo linatutesa sana huku Amu, yaani Lamu, na visiwa vyake, na wenzetu wa Malindi tukiongea nao kilio ni hicho hicho, na cha kusikitisha ni kwamba dawa yake wala haitaki mashine kutoka nje, ni maneno machache tu yaandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi mgonjwa aende nayo nyumbani.

Kazi yangu ni kulaza watu. Yaani mimi ndiye ninayekaa upande wa kichwa cha mgonjwa ndani ya tiata, chumba cha opresheni, nampa dawa ya usingizi au namchoma ile sindano ya ganzi ya mgongo, na daktari anapopasua mimi macho yangu yako kwenye presha, mapigo ya moyo na pumzi mpaka mtu aamke. Wengi wanadhani mtu akishalala kazi yetu imeisha tunangoja tu kumwamsha, la, hapo ndo kwanza kazi inaanza, na kwa mgonjwa wa presha hutoi jicho hata kidogo.

Sasa kinachonichoma roho ni hiki. Mgonjwa anapewa tarehe, anaambiwa usiku wa kuamkia hiyo siku asile wala asinywe, basi, hapo maneno yamekwisha. Habari ya tembe zake hakuna anayeitaja. Na yeye kwa utiifu wake anafunga kabisa, chakula anaacha, maji anaacha, na dawa ya presha anaiacha pia.

Juzijuzi aliletwa mzee mmoja wa upande wa Siyu, ngiri imemsumbua miaka, mjukuu wake kamleta kwa boti na alfajiri. Nikamuuliza, "Mzee wangu, dawa za presha umemeza leo?" Akasema, "La mwanangu, si n'liambiwa nisitie kitu kinywani." "Na jana?" "Jana pia sikumeza, n'liona nijitayarishe vyema." Akafungua fundo la kikoi akatoa kimfuko cha nailoni kile cha dispensari, ndani amlodipini na ile ya kukojoza, juu yake kumeandikwa 1x1 kwa kalamu ya wino, na tembe zimejaa vilevile. Mashine ikasoma 198 kwa 112. Tukamuacha apumzike, tukampa shuka maana chumba kina baridi, tukapima mkono huu na mkono ule, haikushuka. Opresheni ikaahirishwa. Yule mjukuu akaniuliza swali la maana sana, "Ami, kwani hamna sindano ya kuiteremsha?"

Sindano ipo. Labetaloli ipo, haidralazini ipo. Lakini naomba wasomaji wako waelewe kwa nini hatukimbilii kuichoma halafu tukaendelea na opresheni kama hakuna kitu, hasa kama opresheni yenyewe inaweza kungoja wiki chache bila madhara. Presha ikikaa juu miaka, kuta za mishipa zinakuwa nene na ngumu, kama mpira wa kumwagilia maji uliosahauliwa juani, na ubongo, moyo na figo vinazoea kupokea damu kwa nguvu ile ya juu. Mtu aliyezoea 190 ukimshusha kwa ghafla mpaka 110, kwenye karatasi inaonekana umemtibu, lakini kwa ubongo wake hiyo ni njaa ya damu. Namba unaweza kuiangusha kwa dakika kumi, lakini mwili kukubali inataka wiki kadhaa za tembe zinazomezwa kila siku bila kuruka.

Na hapa ndo penye jambo ambalo watu wa nje ya tiata hawalijui kabisa, wote wanaogopa presha kupanda tu. Ndani ya tiata tunaogopa kushuka vilevile, na saa ingine zaidi. Dawa nyingi za usingizi zinalegeza mishipa. Propofoli ukiiingiza kwa haraka kwa mzee wa presha unaiona namba inaporomoka mbele ya macho yako. Ganzi ya mgongo nayo inazima zile neva zinazokaza mishipa ya kuanzia tumboni kwenda chini, damu inatulia miguuni, moyo unarudishiwa kidogo, na ndani ya dakika chache tu mtu anaanza kusema nasikia kichefuchefu, nasikia kiza. Hapo unamfungulia dripu iende kasi, unamchoma efedrini au finilefrini, dawa za kuipandisha presha, kidogo kidogo, unapima, unapima tena. Halafu kwa yule anayelazwa usingizi kamili kuna kile chuma cha kufungulia koo ili tuweke mpira wa kupumulia, kikigusa tu pale nyuma ya ulimi presha inaruka juu, na kwa mtu asiyemeza dawa inaruka vibaya mno, ndo maana tunampa fentanili kwanza au lidokaini ya mshipani kuituliza. Kwa hivyo mtu mmoja, ndani ya robo saa, anaweza kuanguka kupita kiasi na kupanda kupita kiasi, na kila upande una hatari yake, huku kiharusi na kutoka damu, kule moyo na figo kukosa damu.

Hili wala si geni. Tangu mwaka 1971 Prys-Roberts na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba wagonjwa wa presha ambao hawajatibiwa vizuri ndio wanaoporomoka zaidi wakilazwa, na ndio moyo wao unaoonyesha dalili za kukosa damu. Zaidi ya nusu karne imepita na sisi bado tunawaleta watu mezani tembe zimefungwa kwenye kikoi.

Tukishaanza, tunapima presha angalau kila dakika tano, na kila kipimo kinaandikwa kwenye chati, alama moja ya juu na moja ya chini, mpaka mwisho. Chati hizi zina historia, Harvey Cushing wa Marekani alianza kuchora mapigo ya wagonjwa wake waliovutishwa etha bado akiwa mwanafunzi miaka ya 1890, halafu mwaka 1901 akaenda Pavia, Italia, akaiona ile mashine ya kufunga mkononi ya Riva-Rocci na akairudisha kwao. Mpaka leo tunafunga mkono vilevile. Tunachotafuta kwenye chati ni mambo mawili. Moja, ile presha ya wastani isishuke chini ya 65, maana kila inavyokaa chini ya hapo ndo figo na moyo vinavyozidi kuwa hatarini. Ya wastani unaipata kwa kuchukua namba ya chini ukaongeza theluthi ya tofauti ya hizo mbili, mfano 120 kwa 80 inakuja kama 93, na 90 kwa 50 inakuja 63, ishakuwa mbaya hiyo. La pili, mtu asiende mbali na presha yake mwenyewe, wengi wetu tunashika asilimia 20. Mtu ambaye kwake kawaida namba ya juu ni 120 anaweza kuvumilia 96, lakini yule wa 180 akifika 144 mimi nishaanza kujongea kwenye sindano zangu, japo mtu mwingine akiiona 144 atasema hii si bado iko juu.

Wafaransa walilipima hili vizuri, utafiti wao ulitoka mwaka 2017, wagonjwa karibu 300 wa hatari kubwa wakifanyiwa opresheni kubwa. Kundi moja walishikiliwa presha yao ndani ya asilimia 10 ya ile yao ya kawaida, kundi lingine walingojwa mpaka presha ishuke sana ndo watibiwe. Walioharibikiwa kazi ya viungo kama figo na mapafu walikuwa 38 kwa 100 kwenye kundi la kwanza na 52 kwa 100 kwenye la pili. Tofauti hiyo si ndogo jamani. Lakini sasa niambie Mhariri, mimi nitaishikilia vipi presha ya kawaida ya mtu ambaye sijui kawaida yake ni ngapi? Mtu anakuja hana kadi, hana daftari, namba ya kwanza kuandikwa maishani mwake ni hiyo ya asubuhi ya opresheni akiwa na hofu, njaa, baridi, kibofu kimejaa. Hiyo si presha yake, hiyo ni presha ya woga wake.

Uingereza walikaa wakaliangalia mwaka 2016, chama cha madaktari wa usingizi pamoja na chama cha presha, wakatoa mwongozo kwamba kwa opresheni isiyo ya dharura kama kuna kipimo cha zahanati cha miezi 12 iliyopita kilicho chini ya 160 kwa 100, mgonjwa aendelee. Kama hakuna rekodi kabisa, basi ya kliniki ya kabla ya opresheni iwe chini ya 180 kwa 110. Angalia walivyoipa uzito ile rekodi ya zahanati ya huko nyuma kuliko namba ya siku yenyewe. Yule mzee wangu wa Siyu angekuwa na daftari linaloonyesha 150, 148, 152 kwa miezi mitatu, na dawa kameza, mazungumzo yetu yangekuwa mengine kabisa.

Na ya kupimia ipo, hili ndo linaniuma zaidi. Tangu 2023 serikali ya Kenya iligawa vifaa kwa wahamasishaji wa afya ya jamii nchi nzima, laki moja hivi, na ndani ya ule mkoba mna mashine ya presha. Wako Faza, wako Kizingitini, wako Witu na Mpeketoni. Mgonjwa akipewa tarehe ya opresheni hospitalini, jina lake limfikie mhamasishaji wa kijiji chake siku hiyo hiyo, ampime mara mbili kwa wiki, aandike. Ikiwa iko juu arudishwe kliniki aongezwe dawa mapema, sio tuje tugundue akiwa mlangoni kwa tiata na nauli ya boti ishaliwa na kibarua cha mjukuu kishalala.

Sasa tembe zenyewe, maana si zote ni sawa na hapa ndo watu wanachanganyikiwa, hata wahudumu wengine. Amlodipini na nifedipini zinaendelea, asubuhi ya opresheni unameza kwa funda moja mbili za maji, na hayo maji hayavunji kufunga kwako, maji matupu yanaruhusiwa mpaka yabaki masaa mawili kabla ya kulazwa, chakula ndo masaa sita kabla. Atenololi na jamii yake, zile za kutuliza mapigo ya moyo, kama umeizoea, usiiache hata siku moja, ukiikata ghafla moyo unakimbia na presha inaruka. Lakini kama hujawahi kuimeza asikuanzishie mtu asubuhi ya opresheni ati akutulize, mwaka 2008 ulitoka utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 8,000, wale walioanzishiwa metoprololi, ndugu yake atenololi, siku hiyo walipungua kupata shtuko la moyo lakini waliopata kiharusi na waliokufa wakaongezeka. Ile ya kukojoza kwa kawaida inaachwa asubuhi hiyo kwa sababu mtu ashakauka kwa kufunga. Halafu kuna enalaprili na losatani, hizi ndo zilikuwa na ubishi wa miaka, wengi tulikuwa tunaziachisha saa 24 kabla kwa sababu presha ikianguka nazo inakuwa kaidi kuinuka. Mwaka 2024 Wafaransa tena wakatoa majibu, wagonjwa 2,222, nusu waliacha nusu waliendelea, vifo na matatizo makubwa vikawa sawa, ila walioendelea presha iliwaanguka zaidi wakiwa mezani. Kwa hivyo ukiambiwa acha ni sawa, ukiambiwa meza ni sawa, muhimu aliyekuambia awe ni yule atakayekulaza na ajue. Si uamue mwenyewe kwa kumsikiliza jirani.

Na tafadhali sana, ile tabia ya kutoboa nifedipini ukamminyia mgonjwa chini ya ulimi ili namba ishuke haraka apite, iachwe. Madaktari walishaonya tangu miaka ya 1990, presha inadondoka bila breki na watu wamepata kiharusi na shtuko la moyo kwayo. Bado naisikia ikifanywa, na anayefanya anaona amemsaidia mgonjwa asipoteze nafasi.

Jambo lingine ni hili la kuficha. Muguka, yale majani ya kutafuna. Najua mwaka 2024 Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walijaribu kuipiga marufuku na kelele zikawa nyingi, mimi kwenye hayo ya siasa siingii, ninachosema ni kwamba muguka na miraa vinapandisha presha na mapigo ya moyo, na kijana aliyekesha maskani akitafuna halafu saa mbili asubuhi anakuja kulazwa, bila kuniambia, ananiweka gizani. Naweza kudhani maumivu ndo yanapandisha nikamuongeza dawa, kumbe ni majani. Mimi si polisi wala si babake, sitamsema kwa mamake, aniambie tu. Na wazee nao waseme miti shamba wanayokunywa, na waseme zile diklofenaki za kununua dukani kwa ajili ya magoti, maana nazo ukizimeza kila siku zinapandisha presha na kuumiza figo, halafu mtu analalamika dawa ya presha haifanyi kazi. Chumvi sina haja ya kueleza sana, ng'onda na achari kila mtu anajua.

Mwezi wa Ramadhani pia tuuangalie, watu wanaruka dawa mwezi mzima kisha wanakuja kwa opresheni baada ya Idi. Dawa ya mara moja kwa siku inamezwa daku au futari, haina tabu, ila mwulize daktari wako kabla mwezi haujaandama akupangie saa.

Nisieleweke vibaya kwamba kila presha ikiwa juu opresheni isimame. Dharura ni dharura. Utumbo uliojinyonga haungoji wiki nne. Mama mjamzito mwenye presha 170 kwa 115, uso umevimba, kichwa kinampasuka, anaona vimulimuli, huyo hatumrudishi Pate akameze tembe, tunaanza kumteremsha hapo hapo kwa labetaloli au haidralazini, kwa hatua si kwa kishindo, ili mtoto naye asikose damu, anapewa magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, dawa ambayo utafiti wa 2002 wa kina mama zaidi ya elfu kumi ulionyesha inapunguza kifafa hicho kwa zaidi ya nusu, na tunaingia tiata. Huyo ndo sindano zile alizoniuliza yule kijana zimewekwa kwa ajili yake. Na ndo sababu nasema opresheni za kupangwa zipangwe kweli, ili tukipata usiku wa dharura tusiwe tumemaliza dawa zetu kwa mtu ambaye angeweza kuja akiwa tayari.

Baada ya opresheni pia watu wa nyumbani wasaidie. Mgonjwa akitoka na presha ikawa imepanda, mara nyingi ni maumivu, ni baridi, au ni kibofu kimejaa naye hajisikii kwa sababu ya ganzi, nimeona 190 ikirudi 150 baada ya kutoa mkojo tu. Mwambie muuguzi, usikae kimya kwa heshima. Na tembe zianze tena mapema vile daktari atakavyosema, zisisahauliwe kwenye mfuko wakati wa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Enalaprili na losatani hasa ndo zinazosahaulika, mtu aliambiwa aache siku moja akaja kuacha mwaka.

Ombi langu kwa idara za afya za kaunti, Lamu na Kilifi, ni karatasi moja. Itolewe siku ile ile ya kupangiwa opresheni, kwa Kiswahili, na asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu wa nyumbani kwake. Nafasi ya kuandika jina la kila tembe na mbele yake neno moja, meza au acha, na saa. Nafasi ya vipimo vya presha vya nyumbani. Mstari mmoja wa kusema maji ya kumezea dawa yanaruhusiwa. Mstari mmoja wa kuuliza muguka, miraa, miti shamba na dawa za maumivu. Namba ya simu ya tiata ya kupiga kama presha imepita 180 kwa 110 kabla ya kupanda boti. Haijazi hata nusu ukurasa, na mimi niko tayari kukaa na yeyote atakayeichapa.

Mtoaji dawa ya usingizi,
Langoni, Lamu